Msalaba wa Ukindu

Usigeuze uso tena. Siku ile wakaguzi wa uhamiaji walipomchukua jirani yetu pale kijijini Kirushya, nawe ulikuwepo migombani, ukajifanya unapalilia.

Dafroza alikuwa karibu zaidi. Wakamuuliza, "Huyu unamjua? Kazaliwa hapa au Burundi?" Jirani akamtazama, maana walibatizwa siku moja, wakiwa wachanga. Dafroza akajibu, "Simjui vizuri."

Hilo "vizuri" aliliongeza ili usiwe uongo mtupu. Hajalisahau tangu hapo.

Leo watu wanarudisha kanisani matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yachomwe yawe majivu ya Kwaresima. Zamu imemfikia Dafroza, na msalaba wake wa ukindu haumtoki mkononi. Aliusuka jirani yule yule, akaufunga kwa uzi mwekundu aliouchomoa kwenye kitenge chake. Ukindu umekauka hadi unakatika, lakini fundo bado limekaza.

"Tupia, mama," katekista akamhimiza. "Moto unazima."

"Anaung'ang'ania kama mume!" mwanamke mmoja akatania nyuma yake, foleni ikacheka.

Dafroza hakucheka. Kesho majivu hayo atapakwa yeye kwenye paji la uso, na aliyefunga fundo yuko ng'ambo ya mto Ruvubu, Burundi walikomfukuzia, akisubiri mtu wa kusema anamjua.

"Katekista, ofisi ya kijiji iko wazi?"

"Iko wazi. Kwani vipi?"

Akautia msalaba kifuani, akatoka kwenye foleni.

Sasa hivi anapita mbele ya shamba lako. Nawe ulimjua jirani yule. Weka jembe chini, umfuate.