Ukungu wa Ghala la Baridi

Kule Makete sheria ni moja: kitu kilichoota ukungu mweupe hakifutwi, kinapelekwa kwenye ghala la baridi. Ukungu huo hupenda baridi, na chochote unachokifunika hakiozi. Karoti za miaka tisa hutoka ndani ya kreti za mbao zikiwa bado na utamu.

Mama Atuganile alikuwa akichambua karoti hizo ghalani tangu ujana wake. Jioni moja binti yake, Lusungu, akiwa anamsuka nywele, aliona nyuzi nyeupe za ukungu nyuma ya sikio lake. Akachukua kitambaa upesi, akakichovya kwenye maji ya moto.

"Usinifute, mwanangu," mama alisema bila kugeuka.

"Kumbe unajua?"

"Tangu masika. Magoti hayaniumi tena. Silali, lakini sichoki."

"Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Tutakaa hapa karibu na moto."

"Moto ndio unaoniumiza."

Lusungu alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama karoti iliyotoka ghalani. Alilia, kisha akaweka kitambaa chini na kumalizia kumsuka, akiepuka lile sikio.

Asubuhi walikwenda ghalani pamoja.  Wafanyakazi walisogeza kreti mbili, wakamtandikia magunia. Mama akajilaza, akafumba macho kwa raha.

Lusungu humtembelea kila Jumapili. Mama humjibu vizuri, ingawa midomo yake haionekani tena. Wiki iliyopita alimwambia kwamba, akija tena, asivae sweta.