Mkate wa Kasisi

Kasisi aliingia nyumbani kwa Prosser kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kisanduku cheusi kwapani. Mtaa mzima ulimwona. Jirani yao Leusa Bevan hakuridhika na kuona mgongo tu. Alizunguka uani, akagandisha uso kwenye kioo cha dirisha la sebule.

Pale Pontderw, kanisa lilikuwa la wenye mgodi. Walilijenga wao, na viti vya mbele wakavikalia wao. Chapeli ya Bethania ilikuwa ya wachimbaji. Mtu wa Bethania kula mkate wa kasisi ilikuwa sawa na kushuka mgodini siku ya mgomo.

Na nyumba ile haikuwa nyumba hivi hivi. Elias Prosser alikuwa mkuu wa mashemasi wa Bethania kwa miaka ishirini na sita. Chini ya ardhi alikuwa mnyapara, na juu ya ardhi vilevile mnyapara. Tangu Machi kiharusi kilikuwa kimemlaza sebuleni, hasemi, hainui kidole. Mkewe Marged ndiye aliyemlisha. Kilichomtii bado ni kope zake, na hizo ziliishika desturi ya Bethania hata katika ugonjwa: sala ikianza tu, zinafumba zenyewe.

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili," Leusa aliwaambia wanawake bombani. "Kikombe cha fedha! Na divai, mama, divai kabisa, si ile juisi yetu ya zabibu. Marged kapiga magoti kando ya kitanda, mpole utadhani bibi harusi."

"Akainywa?"

"Mgongo wa kasisi ulinikinga, mwanamume mpana kama kabati. Lakini kikombe kilirudi kimepungua."

"Na mzee je? Alikuwa analitazama jambo hilo?"

"Maskini mzee! Kasisi kaanza kusali, halafu kamwinamia, kamsemesha. Kumwomba ruhusa, nadhani, wana adabu zao hao. Mzee macho kayafumba fumbu! Asione aibu ya mkewe. Na machozi yanamtiririka mpaka masikioni."

"Kasisi akafanya nini?"

"Akatabasamu, mshenzi yule."

Hakuna aliyeuliza Marged ana nini. Walijua. Miaka kumi na mmoja nyuma, binti yao wa pekee, Tegwen, alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, bila mume. Alhamisi jioni akakalishwa kwenye benchi la mbele la chapeli, na hukumu ya kumtoa Bethania ilisomwa na baba yake mwenyewe, kwa sauti ileile aliyotangazia siku ya chai na keki. Kijana aliyempa mimba alikuwa safu ya nyuma, anaimba besi. Hakuna aliyemwambia asimame. Besi nzuri ni adimu.

Tegwen alifia uzazini, Februari. Makaburi ya Bethania yalimkataa, yeye na kichanga chake. Aliyewazika ni kasisi, kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa lake, usiofikiwa na jua. Jioni ya maziko Elias alikaa mezani, akala, akaomba chumvi.

Marged alimpa chumvi. Aliendelea kumpa kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo mji ulisema: mama anamfuata mwanawe. Anataka kulazwa ukutani kule. Haya, alazwe, lakini asilazwe kama mtu wetu.

Leusa alimkuta anaanika mashuka.

"Marged, shoga yangu, si ungengoja basi? Ungemwacha mzee afe na heshima yake."

"Heshima yake ndiyo ninayoishughulikia, Leusa," Marged alijibu, akabana shuka kwa kibanio cha mti.

Alhamisi chapeli ilijaa kuliko Krismasi. Wachimbaji walikuja wamejisugua shingo mpaka zikawa nyekundu. Marged alikuja mapema, gauni jeusi, glavu nyeusi, akaketi kwenye benchi la mbele kabla hajaambiwa. Watu waliguswa na unyenyekevu huo. Mwanamke mmoja alitoa leso.

Caradog, aliyemshikia Elias nafasi yake, alisimama na kujisafisha koo.

"Ndugu zangu. Kwa heshima ya mkuu wetu aliye kitandani, jina sitalitaja. Sote tunalijua. Aliyepokea mkate na divai ya kasisi siku ya Ijumaa, ndani ya nyumba ya Prosser, afutwe kitabuni. Asihesabiwe wa Bethania, wala asizikwe katika ardhi ya Bethania. Wanaokubali?"

Mikono ilipanda kama msitu. Wa Leusa ulitangulia mwisho wa swali.

"Dada Marged," Caradog alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "una neno?"

Marged aliinuka.

"Sina pingamizi. Nauliza desturi tu. Aliyetolewa husomewa hukumu yake mwenyewe, uso kwa uso, siyo?"

"Ndiyo desturi yetu. Hukumu hapelekewi mtu kwa uvumi."

"Basi itabidi mje nyumbani. Mimi sikuonja hata chembe." Aliigeukia mikono, ambayo ilikuwa bado juu. "Nilimweleza kasisi kwamba mume wangu akikubali jambo hufumba macho. Kasisi akasali, akamwuliza kama anautaka mkate wake, na alivyojibu Elias mmekwisha kusikia kwa Leusa."

Mikono ilianza kushuka, mmoja mmoja.

"Mkifika msipige kelele," Marged alisema. "Msomeeni kwa sauti ya kawaida tu. Daktari anasema masikio yake ni mazima kabisa."