Wapangaji wa Diski ya Muda

Munji alikuwa anafuta mafaili huku amekunja nne, kama mtu anayemenya karanga.

"Hili la nani? Matokeo ya mpira! Kwenye kompyuta kuu ya mfuko wa pensheni!" Akabonyeza. Faili likaenda.

Diski ya muda ilikuwa himaya yake, yeye msimamizi wa kompyuta. Ni mahali pa kompyuta kuwekea hesabu ikiwa bado inapiga hesabu hizo, si ghala la mtu. Faili lisiloguswa wiki nzima hufagiliwa. Ofisi yote pale Tunis iliijua sheria hiyo, na ofisi yote iliikwepa: kila Ijumaa waandishi wa programu waliyafungua mafaili yao na kuyafunga, basi, ili yaonekane hai. Munji aliwaita wapangaji.

"Nyinyi ni kama wanawake wa harusini," aliwaambia. "Mnatupia shali juu ya kiti kushika nafasi, wenyewe bado mko saluni."

Siku hiyo hakuwa na subira hata chembe. Idi ya kuchinja imekaribia, na malipo ya wastaafu lazima yafike kabla benki hazijafunga adhuhuri. Mama yake mwenyewe, mjane wa mfanyakazi wa reli, alishachagua kondoo. Malipo yanahitaji nafasi kubwa, na diski imejaa hadi kooni.

Faili kubwa kuliko yote lilikuwa la Wasila, mkuu wa programu za malipo. Halikuwahi kufagiliwa; alilifungua kila asubuhi kabla ya kuvua koti. Alikuja mwenyewe, nyuma yake wapangaji wengine wakisukumana na maombi yao.

"Bwana Munji, langu usiliguse."

"Malkia kaja!"

"Nakuomba. Malipo yakikaribia kuanza nitalifuta mwenyewe."

"Utalifuta mwenyewe! Kila mpangaji nikimgongea mlango anasema anahama kesho. Umeweka nini humo, Madamu? Dhahabu za mahari?"

Wasila aliwatazama waliosimama nyuma yake, masikio yamewasimama. "Siwezi kusema mbele za watu."

"Mimi naweza kufuta mbele za watu."

Akabonyeza. Watu wakaangua kicheko.

"Vyeti vyote vile ukutani," Wasila alisema taratibu, "na bado mpumbavu."

Munji aliandika tangazo kwenye skrini za ofisi nzima: NAFASI IPO, SHUKURANI KWANGU. Kisha akashuka mkahawani, akaagiza kahawa, akainywa kama mshindi.

Aliporudi, malipo yalikuwa yameanza na kukatika katikati. Hakuna nafasi. Tangazo lake lilikuwa limesomwa na kila mtu, na kila mtu alikuwa na nakala ya mafaili yake pembeni. Matokeo ya mpira yalikuwa yamerudi. Majaribio ya mwaka juzi yalikuwa yamerudi, na jamaa zake. Munji alifuta tena, safari hii ameketi wima, jasho likimtoka. Lakini hesabu iliyokatika huanza upya, na adhuhuri haimngoji mtu.

Simu ikalia.

"Mwanangu, pesa bado? Mwenye kondoo anasema kuna mteja mwingine amesimama hapa."

"Bado, mama."

"Ila wewe si ndiye mkubwa huko?"

Alikwenda hadi mezani kwa Wasila, akamkuta anavaa koti. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuwa na mzaha mdomoni.

"Madamu, nisamehe. Nitatafuta kwenye kanda za nakala za akiba. Chochote kilichokuwamo kwenye faili lako, nitakurudishia."

Wasila alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

"Hakikuwamo kitu, Bwana Munji. Lilikuwa shali. Kiti kilikuwa cha mama yako."