Mtoto Hajala

Kwa mara ya tatu tangu jana, bibi alimvuta muuguzi pembeni, akaangalia kushoto na kulia, kisha akamnong'oneza: "Binti yangu, mtoto hajala."

Muuguzi alishusha pumzi. Faili la kitanda namba sita alikuwa nalo mkononi, na lilisema mengine kabisa. Kitandani humo alilazwa bwana mmoja wa miezi minne ambaye wodi nzima ilimwita Bosi, kwa kuwa akikohoa kidogo tu watu watano wanasimama. Aliletwa Jumatatu na nimonia, mbavu zikididimia kila anapovuta hewa, pumzi sabini kwa dakika. Sasa zilikuwa arobaini. Jana mchana oksijeni iliondolewa, na daktari akatoa ahadi: akinyonya na kulala bila mashine mpaka raundi ya leo saa nne, anapewa ruhusa.

Mama yake Bosi alishazikunja nguo zote tangu alfajiri, akaziweka begini, akazitoa, akazikunja upya.

"Hajala tangu lini, bibi?"

"Tangu juzi. Na halali. Kazi yake ni kuikodolea macho ile mashine."

Hilo la mashine lilimwingia muuguzi, maana mwenyewe alishamwona Bosi akizishangaa zile taa. Lakini bibi alikuwa hajamaliza.

"Tena analia. Akiniona naja, anajifanya hajalia. Mkaidi huyo, tangu azaliwe!"

Miezi minne mizima ya ukaidi, muuguzi alijisemea, akajiuma mdomo asicheke. Kazi ilimfundisha kwamba bibi mzaa mama hana mjukuu wa kawaida: wote wana akili za kushangaza, na wote wamekonda. Huyu ndiye aliyetia fora. Kila asubuhi alimwinamia Bosi, "Mume wangu, umeamkaje?", akambusu unyayo, halafu akaanza kuikagua hospitali.

"Leo nimeleta uji," bibi aliendelea, akiipapasa chupa ya chai aliyoibana kwapani. "Kanywa mafunda mawili, kageuza uso."

Nusura faili lianguke. "Bibi! Uji?"

"Mwepesi."

"Hata uwe mwepesi kama maji! Wodi hii uji ni marufuku."

"Hata kwa mwenye njaa?"

"Hasa kwa mwenye njaa!"

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, kama mtu anayejiuliza huyu naye kazaliwa na nani. Kisha akaondoka na chupa yake, amenuna.

Muuguzi alibaki na mtihani. Zile alama zote za kunyonya zilizokuwa kwenye faili ziliandikwa kwa maneno ya mama tu. Akamwendea, akamuuliza tena.

"Ananyonya vizuri, sista. Analala vizuri."

Jibu lilikuja haraka mno, kutoka kwenye midomo iliyokauka, na macho mekundu hayakutulia. Muuguzi alishawaona kina mama wengi wakidanganya ili warudi nyumbani, na wala hakuwalaumu. Lakini mwezi uliopita aliliamini jibu kama hilo, na mtoto akarudishwa baada ya siku mbili, midomo imegeuka bluu. Yule alipona kwa bahati. Bibi, kwa upande wake, alikuwa na sababu gani ya kusema uongo? Muuguzi aliogopa, akachukua kalamu, akaandika.

Saa nne daktari alifika, akasoma, akakunja uso, akamwekea Bosi kipimo kifuani. Bosi alikidaka akataka kukitafuna.

"Kifua ni kizuri," daktari alisema. "Lakini mtoto asiyekula siku mbili simpi ruhusa. Tumwekee mrija wa kulishia puani, tumwangalie siku tatu zaidi."

"Mrija puani?" Bibi, aliyekuwa amerudi na chupa yake kwapani, alishtuka. "Daktari, si apewe tu chakula?"

Mama aliliachia begi likaanguka. Machozi yalimtoka palepale, mbele ya wodi nzima. "Anakula, daktari! Haki ya Mungu anakula! Mama, mbona unatufanyia hivi?"

"Kwani mimi mwongo? Hajala!"

Kina mama wa vitanda vya jirani waliacha kubembeleza watoto wao ili wasikie vizuri. Muuguzi aliinamisha macho kwenye faili, akatamani asingeandika kitu.

Daktari, mtu wa haraka, mwenye vitanda vingine kumi na vinne vinavyomsubiri, aliinua mkono. "Bibi, nisikilize. Mama yake ndiye anayekaa naye usiku na mchana, na anasema mtoto anakula. Wewe unasema hajala. Sasa nimwamini nani?"

Bibi alijinyoosha mpaka urefu wake wote ukaisha, na haukuwa mwingi.

"Mama yake ni mimi, daktari, na nasema hajala," alisema, akamshika binti yake mabega, akamkalisha kitini, akammiminia uji.