Mkanda Mwekundu

Mama mkwe alilikataa yai. Muuzaji alikuwa amelitoa kwenye kikapu kilichozamishwa ndani ya chemchemi ya maji ya moto, bado linafuka mvuke, na mama mkwe akageuza uso na kuziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Kula wewe, mwanangu. Mimi harufu hii imeshanishibisha."

Kweli bonde zima lilinuka mayai viza. Mkwewe, fundi wa cherehani, akalimenya yai, akalila bila hamu. Tangu asubuhi roho yake ilikuwa juu juu. Katika miaka saba ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kumwita watoke wawili tu, tena kwa sharti kwamba mumewe asijue wanakokwenda.

"Mwambie tunakwenda kununua vitambaa," alisema. Na fundi, ambaye cherehani ndiyo riziki yake, akadanganya kwa riziki yake mwenyewe.

Alijua anachoitiwa. Miaka saba bila mtoto, na mawifi walishachoka kumsema kwa mafumbo. Sasa walimsema waziwazi. Watu nao husema maji ya moto hufungua tumbo. Basi ameletwa achemshwe kama lile yai, na yasipomfaa, mumewe atatafutiwa mwingine.

Njia ya mbao ilipita kando ya madimbwi ya tope. Tope la kijivu lilitokota polepole kama uji mzito, likavimba mapovu, yakapasuka. Mama mkwe akaketi kwenye benchi. Lilikuwa la tatu kulikalia tangu getini.

Fundi akamshangaa kidogo. Mwanamke huyu alimzaa mumewe akiwa binti wa miaka kumi na saba, na mpaka leo wakitoka pamoja watu huwadhani ni dada na mdogo wake. Sokoni humwacha fundi nyuma na kikapu kichwani. Leo anahema kwenye njia tambarare! Lakini mwili haudanganyi, fundi akawaza. Juzi tu alilileta gauni hilihili lilegezwe kiunoni.

"Yule daktari wako wa kike," mama mkwe akasema, macho kwenye mapovu, "ni mtu wa siri?"

"Ni wa siri, Mama. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Watu wana midomo, mwanangu. Watanicheka. Mtaa mzima utanicheka."

Hapo uvumilivu ukamwishia fundi. Alikuwa amemeza mengi katika nyumba ile, lakini hili lilimkwama kooni.

"Mama, kama ni kunirudisha kwetu, nirudishe kwa heshima. Usinizungushe."

Mama mkwe akamgeukia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Macho yake yalikuwa yamelowa, na fundi hakujua kama ni mvuke.

"Nani kasema habari za kukurudisha?" Akajikaza, akasimama. "Twende. Nataka kuliona lile dimbwi la moto kuliko yote."

Mlangoni mwa mabwawa ya kuogea, mhudumu alikuwa na kapu la mikanda ya mkononi. Wa kijani, unaingia utakako. Mwekundu ni wa wajawazito na wagonjwa wa moyo: hao huishia kulowesha miguu tu, kwenye maji ya vuguvugu.

"Lile la juu, la moto kuliko yote, si la mchezo," akaonya. "Mjamzito akiingia mle anaweza kumpoteza mtoto. Haya, kuna mwenye mimba hapa? Msione haya."

Watu wote kwenye foleni wakamtazama fundi. Swali lile alishaulizwa na kila mtu, shangazi kwa jirani, na halikuwahi kupoa. Laiti tope lile lingemmeza.

"Sina," akasema, akamnyooshea mkono.

Akafungwa mkanda wa kijani, na machozi yakaudondokea. Mhudumu akachukua mwingine wa kijani, akaushika mkono wa mama mkwe. "Huyu mama yetu hana haja ya kuulizwa," akasema, na foleni ikacheka.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama juu kwenye ngazi, kule dimbwi lilikojificha ndani ya mvuke. Akatazama muda mrefu, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. Kisha akamtazama mkwewe, na yale machozi ya kwenye mkanda wa kijani.

Akauvuta mkono wake taratibu kutoka kwa mhudumu.

"Nipe mwekundu."

"Ooh, samahani, mama. Kumbe una ugonjwa wa moyo?"

"Moyo wangu mzima," akasema mama mkwe, na mkono wake wa pili ukautafuta wa fundi.