Kikokotoo cha Marehemu Babu

Pilau ya kumuaga Bi Mwanakombo ilikuwa jikoni. Ukuta, mtambo uliosema na watu katika kila nyumba, ulikuwa umetangaza kwamba ametimiza miaka sabini, na wa sabini hupelekwa Pumzikoni wasirudi. Hesabu zote zilikuwa kazi ya Ukuta. Watu hawakufundishwa tena hata kujumlisha na kutoa. Alichoomba Bi Mwanakombo ni kwenda na kikokotoo cha grafu cha marehemu baba yake, nacho kiwe kinawaka.

Binti yake, Zawena, akakwangua kutu penye betri, akapangusa kwa siki, akatia betri mpya. Kioo kikawaka.

"Ubarikiwe, mwanangu! Kila siku yangu ya kuzaliwa, baba alinibonyezesha umri wangu hapa. Mwaka wa leo, toa ule niliozaliwa."

Mama akabonyeza, akicheka. Sitini na moja.

Kicheko kikamkauka. Akarudia. Sitini na moja.

Zawena akageuka. "Ukuta, mama ana miaka mingapi?"

"Sabini. Hongereni. Zawena, pilau inaungua."

Hakuna aliyekwenda jikoni. Kidole cha mama kilikuwa juu ya vitufe, kikiandika mwaka aliozaliwa mumewe, waliyemuaga mwaka jana kwa vigelegele.