Kamba ya Moto Dukani

Chausiku hakuhitaji kusema neno. Kila asubuhi, kabla hajaenda kuwasha mashine ya kusaga, Mzee Feruzi mwenye duka akimwona tu anavuka barabara, humtolea sigara moja kwenye pakiti na kuilaza juu ya meza ya duka. Moto Chausiku hujiwashia mwenyewe, kwenye kamba ya katani inayoning'inia dirishani, ikifuka polepole kutwa nzima kwa ajili ya wavutaji.

Leo aliichukua sigara, akaisogeza kwenye ncha nyekundu ya kamba, mkono ukagoma. Tangu jana nesi alipompa habari, hakuwa amemweleza mtu. Kiumbe kama punje ya mtama, hata pua hakina, naye tayari anakionea haya kama mkwe!

Akairudisha sigara mezani.

"Imevunjika, mwanangu?" Mzee Feruzi akauliza.

"Hapana, baba. Leo naomba udongo wa kula."

Mzee akanyoosha mkono kwenye bakuli la vipande vya udongo, vile wanavyonunua wajawazito, na mkono ukabaki hewani. Akamtazama Chausiku usoni. Chausiku akainamisha macho.

"Ee Mola," mzee akanong'ona.

Akaishika ile kamba, ambayo haikuwahi kuzimwa mchana, akaichovya ncha yake kwenye kopo la maji. Moshi wa mwisho ukapanda, mwembamba kama uzi, na wote wawili wakasogea kando, kila mmoja upande wake, kama watu wanaompisha mgeni mlangoni.